Unga wa protini kwa timu ya magongo: nani anauhitaji, na mafuta tunayapimaje?

kocha_msaidizi_jinja

Habari zenu wakuu. Timu yetu ya magongo ina wachezaji 22, wanawake 10 na wanaume 12. Mazoezi ni Jumanne, Alhamisi na Jumamosi jioni, mechi Jumapili, nyingi Lugogo. Wachezaji kadhaa wameanza kununua unga wa protini mjini. Wasiomudu kopo zima wanapimiwa kidogo kidogo kwenye kaveera (mfuko wa plastiki). Juu ya hapo kuna mizani ya umeme inayotaja asilimia ya mafuta, na kila wiki ni ubishi: Jumanne mtu ana asilimia 24, Alhamisi 21.

Naomba majibu ya watu wanaojua:

Kwa posho (ugali), matoke na maharage yetu, protini inatosha au haitoshi? Unga huo nani anauhitaji hasa? Mafuta ya mwili tuyapime vipi bila mashine ya hospitali? Na wapo wasichana wawili, kilo 66 na kilo 68, wanaotaka kupunguza kilo 5 kabla ligi haijaanza, wiki sita kutoka sasa. Beki mmoja wa kilo 74 yeye anataka kuongezeka.

---

jikoni_kambini

Kocha, kabla ya kopo tazama mchezo wenyewe. Robo nne za dakika 15, wachezaji wanabadilishwa bila kikomo, kwa hiyo aliye ndani anatakiwa kukimbia kwa nguvu zote: mita 10, mita 20, kusimama, kugeuka, tena mgongo umeinama. Kinachounguzwa hapo ni wanga uliowekwa akiba kwenye misuli na ini. Protini ni fundi wa matengenezo, si petroli. Mtu akila protini tele na wanga haba, robo ya tatu miguu inakuwa mizito, halafu anahitimisha kwamba amekosa protini na kuongeza kijiko kingine cha unga. Hilo ndilo kosa linaloonekana zaidi kwenye timu zetu.

Sasa hesabu. Mchezaji wa magongo anayefanya mazoezi kama yenu anatosheka na gramu 1.4 hadi 2.0 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Uchambuzi uliochapishwa 2018, uliounganisha tafiti 49 za watu wanaonyanyua vyuma, ulikuta kwamba ukipita gramu 1.6 hivi faida ya misuli karibu inakoma. Chukua 1.6 iwe ndiyo namba ya timu. Anayekula maharage na karanga zaidi ya nyama, mpe 1.8, kwa kuwa protini ya mimea inameng'enywa pungufu na ina leusini kidogo, ile asidi ya amino inayoamsha kazi ya kujenga msuli.

Kiungo wa kilo 60 anahitaji basi gramu 96. Siku yake iwe hivi. Asubuhi, uji wa ulezi uliopikwa kwa maziwa mililita 300 (gramu 10) na mayai mawili (12). Mchana, posho ya unga gramu 150 (12) na maharage yaliyoiva kikombe kimoja na nusu (22). Baada ya mazoezi, nusu lita ya bongo, yaani maziwa ya mgando (16), na bogoya (ndizi mbivu) mbili. Usiku, wali wa mchele gramu 100 ukiwa mbichi (7), mukene (dagaa) mkavu gramu 30 (16) kwenye sosi ya karanga zilizosagwa gramu 30 (7). Jumla 102. Hakuna unga wa kopo hapo.

Tatizo linaingia pale sahani inapojaa matoke na maharage yakawa ya kupaka rangi. Matoke gramu 400 yana protini gramu 4 au 5 tu. Weka nusu kikombe cha maharage, 7 nyingine. Mlo mzima gramu 12, na tumbo limejaa hadi juu. Asubuhi akinywa chai ya rangi na kipande cha muhogo, mtu huyo anafika saa kumi jioni hajamaliza hata gramu 20. Huyu ndiye anayesema "chakula cha kwetu hakina protini". Kinayo, ila sahani yake haikupangwa.

Igawe mara nne kwa siku, gramu 0.4 kwa kilo kila mlo, yaani 24 hadi 30 kwa wengi wenu. Kulundika gramu 80 usiku hakulipi deni la mchana vizuri.

Na jamani, rolex na kikomando vinadharauliwa bure. Rolex ya chapati moja na mayai mawili ina gramu 18 hivi. Kikomando cha chapati mbili na nusu kikombe cha maharage kinakaribia 20. Kijiko kimoja cha unga wa protini kinakupa 20 hadi 24. Shida ya rolex ni mafuta ya kukaangia: kila kijiko cha mezani kina kalori 120, na wauzaji hawapimi kwa kijiko. Mwambie aipike kwa mafuta machache, simama pale pale uone.

Wanga siku za kawaida gramu 5 kwa kilo, siku moja kabla ya mechi na siku ya mechi 6 hadi 7. Kwa kilo 60 hiyo ni gramu 360 au zaidi. Ukitaka kuipata kwa matoke peke yake utakula kilo 1.2, na matoke ni maji mengi. Changanya: unga wa posho gramu 100 una wanga gramu 75 na ushee, mchele vivyo hivyo, bogoya moja 27.

---

gongo_la_kushoto

Naongeza dogo. Maharage usiku wa kuamkia mechi sawa, lakini saa tatu kabla ya filimbi hapana. Nyuzinyuzi zake zinachelewa tumboni, na yapo masukari ambayo utumbo mdogo hauwezi kuyavunja. Bakteria wa utumbo mpana wanayachachua, ndiyo gesi. Kwa mchezo wa kuinama ni mateso. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji yale, chemsha kwa maji mapya, gesi inapungua sana. Chemsha kwelikweli: maharage mekundu yasiyoiva yana sumu inayotapisha, na moto mdogo usiofika kuchemka hauiondoi.

Asubuhi ya mechi: wali au viazi vitamu vilivyomenywa, yai, ndizi. Basi. Karanga pia zingoje, mafuta yake yanakaa tumboni muda mrefu.

---

soma_lebo

Upande wa unga. Ule wa wei (whey) ni majimaji yanayobaki jibini inapotengenezwa, yakachujwa na kukaushwa. Ni maziwa tu, hauna uchawi. Tofauti yake na bongo ni kwamba unameng'enywa haraka, hauhitaji friji, na unabebeka.

Geuza kopo usome safu ya gramu 100, usisome ya kijiko. Wei ya kawaida iwe na protini 70 hadi 80 kwa gramu 100. Ukiona 20 au 30 na wanga 60 na ushee, hicho ni cha kunenepesha: sehemu kubwa ni maltodekstrini, wanga (mara nyingi wa mahindi) uliovunjwa vipande vifupi, na unaulipia bei ya protini. Kisha soma viungo. Vinaandikwa kuanzia kilicho kingi. Ukikuta glisini au taurini vimeongezwa peke yake, ogopa. Maabara nyingi hupima naitrojeni kisha huzidisha kwa 6.25 kupata protini, na hizo amino za bei rahisi zina naitrojeni. Kipimo kinapanda, protini ya kweli haipandi.

Kwenye bei fanya hesabu moja. Bei ya kopo gawa kwa gramu zote za protini zilizomo. Fanya hivyo hivyo kwa trei ya mayai (30 × 6 = gramu 180), kwa lita ya maziwa (gramu 32 hivi) na kwa kilo ya mukene mkavu (zaidi ya 500). Bandikeni ukutani mahali mnapokutana. Mukene hushinda karibu kila mara, tena una kalsiamu kwa kuwa unaliwa na mifupa yake.

Sasa kaveera. Hapo kocha weka marufuku bila mjadala. Unga uliopimiwa hauna lebo, hauna namba ya toleo, hauna tarehe, hujui umechanganywa na nini. Utafiti uliochapishwa 2004 ulipima virutubisho 634 kutoka nchi 13, vyote vilivyouzwa kama visivyo na homoni, ukakuta karibu asilimia 15 vina homoni za kujenga misuli ambazo hazikuandikwa popote. Hivyo vilikuwa kwenye makopo yaliyofungwa! Chini ya kanuni za WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa zilizokatazwa michezoni, kilichokutwa kwenye mkojo ni mzigo wa mchezaji, awe alijua au hakujua. Mchezaji anayetarajia kuitwa timu ya taifa atumie tu unga ulio na nembo ya kupimwa kwa kila toleo, kama Informed Sport, kisha alinganishe namba ya toleo iliyo kwenye kopo na ile iliyo kwenye tovuti yao. Abaki na kopo tupu hata baada ya kumaliza. Alama ya UNBS (shirika la viwango la Uganda) ni nzuri kwa usalama wa chakula, lakini haikuambii kwamba toleo hilo limetafutwa dawa za kusisimua misuli.

Pakiti zinazoahidi "kuunguza mafuta" zitupwe nje kabisa. Ndizo hukutwa na vichangamshi.

---

milimita_si_asilimia

Mizani yenu haijaharibika, inafanya kile inachoweza. Inapitisha umeme mdogo kutoka mguu mmoja hadi wa pili. Maji yanapitisha umeme, mafuta yanauzuia, ndipo inakisia. Umeme huo unapita miguuni na chini ya tumbo. Mikono, kifua na mgongo vinakisiwa kwa fomula ya urefu, umri na jinsia. Mchezaji aliyetoka jasho lita moja na nusu, aliyekula chumvi nyingi jana, au aliye siku za kabla ya hedhi, namba yake inaruka bila mafuta kubadilika hata gramu. Kutoka 24 hadi 21 kwa siku mbili hakuwezekani. Kwa mtu wa kilo 65 hiyo ni kilo 2 za mafuta, kalori zaidi ya 15,000. Hata angekimbia Jinja hadi Kampala na kurudi asingefika.

Nunueni kalipa ya mikunjo ya ngozi (koleo lenye kipimo cha milimita), na mtu mmoja ajifunze kuitumia. Sehemu saba, zote upande wa kulia: nyuma ya mkono wa juu, mbele ya mkono wa juu, chini ya ncha ya mfupa wa bega, juu ya nyonga kwa mbele, pembeni ya kitovu, katikati ya paja mbele, na shavu la mguu upande wa ndani. Tia alama kwa kalamu. Bana ngozi na mafuta kwa kidole gumba na cha shahada, msuli usiingie. Weka kalipa sentimita 1 kutoka vidoleni, hesabu sekunde mbili, soma ukiwa bado umebana. Zunguka sehemu zote saba, kisha rudia mzunguko mzima. Vipimo viwili vikipishana zaidi ya asilimia 5, pima mara ya tatu uchukue wa katikati.

Makosa yanayoharibu: kupima baada ya mazoezi (damu na maji vimejaa chini ya ngozi), ngozi iliyopakwa mafuta inateleza, kubadilisha mpimaji, na kuachia kalipa ikae muda mrefu, maana mkunjo unabonyea na namba inashuka. Pima asubuhi, kila wiki 6 hadi 8. Kila wiki ni kelele tupu.

Jumlisha milimita uishie hapo. Usizigeuze kuwa asilimia. Fomula moja inayotumika sana, ya 1974, ilitengenezwa kwa kupima watu wa Scotland. Mchukue msichana wa Jinja umwingize humo, itatoka namba yenye desimali mbili na sura ya ukweli, lakini msingi wake ni miili ya watu wengine. Milimita ni kitu ulichokishika kwa mkono. Jumla ya 95 ikishuka hadi 84 huku mbio za mita 30 zikiwa zile zile au bora, kazi imefanyika. Ikitoka 95 hadi 93, usiseme kitu, hilo ni kosa la kawaida la mkono.

Kwa anayetaka picha ya jumla: wachezaji wa magongo wa viwango vya juu mara nyingi huwa kati ya asilimia 10 na 15 kwa wanaume, na 18 hadi 25 kwa wanawake. Kipa humlinganishi na kiungo. Na namba za wachezaji zisibandikwe ukutani pamoja na bei za mayai; hizo ni siri ya mpimaji na mchezaji.

---

kocha_msaidizi_jinja

Asanteni sana, kaveera imepigwa marufuku kuanzia leo. Bado wale wasichana wawili. Pia wapo vijana wa miaka 16 na 17 wanaouliza kreatini (kirutubisho cha kuongeza nguvu ya misuli).

---

dada_wa_kliniki

Kocha, kilo 5 kwa wiki 6 hapana. Kwa mtu wa kilo 66 ni zaidi ya asilimia 1.2 ya mwili kila wiki, na sehemu nzuri ya kitakachoondoka ni msuli na maji. Lenga asilimia 0.7 kwa wiki, kama gramu 450. Wiki sita zitatoa kilo 2.5 hadi 3, naye atabaki na kasi yake. Magongo si ndondi, hakuna mizani mlangoni mwa uwanja.

Gramu 450 kwa wiki ni upungufu wa kalori 400 hadi 500 kwa siku, na huhitaji kumnyima chakula kuupata. Soda moja ya nusu lita ni 210. Vikombe vitatu vya chai, kila kimoja vijiko vitatu vya sukari, ni karibu 150. Kijiko kimoja cha mafuta ya kupikia kikiondolewa ni 120. Imetimia, posho haijaguswa. Protini katika kipindi hiki ipande hadi gramu 1.8 au 2 kwa kilo ili kulinda msuli, na siku ya kuamkia mechi na ya mechi asipunguze chochote.

Kuna sakafu ya kutoshuka chini yake. Chukua uzito usio wa mafuta: kilo 66 zenye mafuta kama asilimia 25 zinabaki 49.5. Zidisha kwa kalori 30, unapata 1,485. Ongeza za mazoezi, tuseme 500. Siku ya mazoezi asile chini ya 2,000. Akikaa chini ya hapo muda mrefu mwili unaanza kufunga milango: hedhi inaruka, mifupa inadhoofika, mafua hayaishi, usingizi unakatika. Hedhi ikikosekana miezi mitatu, punguzo linasimama na anaonwa na daktari. Wasichana wengi hawatamwambia kocha mwanamume jambo hili, kwa hiyo mteueni dada mmoja wa kuulizwa.

Jambo ambalo hukuuliza: kabla ya kununua unga wowote, wapimeni damu wasichana wote 10. Uchovu unaodhaniwa ni protini mara nyingi ni chuma kupungua. Hemoglobini peke yake haitoshi, ombeni na feritini, kipimo cha akiba ya chuma. Ikiwa chini ya 30, akiba ni ndogo. Malaria na safura zishughulikiwe kwanza, vinginevyo unamimina maji kwenye ndoo iliyotoboka. Tena feritini hupanda mtu akiwa mgonjwa ikaficha upungufu. Chai isinywewe na chakula, ingoje saa moja au mbili, kwa sababu tanini zake zinakamata chuma cha maharage na dodo (mchicha). Ndimu au pera kando ya sahani hufanya kinyume chake. Vidonge vya chuma visigawiwe kama peremende, chuma kikizidi kinadhuru ini.

Beki wa kilo 74: aongeze kalori 300 hadi 400 kwa siku, anyanyue vyuma mara mbili au tatu kwa wiki, na aridhike na gramu 200 hadi 350 kwa wiki. Karanga gramu 50 peke yake ni kalori 280 na protini 12. Achague kavu, zilizojikunja au zenye ukungu atupe, sumukuvu haiondoki yote kwa kukaanga.

Vijana wa 16 na 17: kreatini hapana, unga hapana. Walishwe, walale kwa muda wa saa nane au tisa kila usiku. Kwa mtu mzima mwenye figo nzima, kreatini gramu 3 hadi 5 kila siku inatosha, bila ile wiki ya kuanzia na gramu 20 kwa siku. Aelewe atapanda kilo moja au mbili za maji ndani ya misuli, kalipa haitaziona. Akipimwa damu amwambie daktari kwamba anaitumia, maana kreatinini inapanda na figo zinashukiwa bure.

---

winga_wa_robo_ya_nne

Nakubaliana na mengi, lakini mnamwonea aliye kazini. Mtu anatoka ofisini saa kumi na moja, boda hadi uwanjani, mazoezi hadi saa moja na nusu, anafika nyumbani saa tatu usiku. Bongo yake imeshachachuka zaidi ya kuchachuka. Huyo kijiko cha gramu 30 kinamfaa, na si aibu. Kimoja kwa siku ya mazoezi, si vitatu kila siku.

---

jikoni_kambini

Hapo umesema kweli ndugu yangu, huyo namkubalia. Ila abebe unga mkavu ndani ya chupa na maji kando. Ukishachanganywa unywewe ndani ya saa mbili, kwenye joto la mchana bakteria wanauona ni maziwa tu. Chupa ioshwe usiku ule ule kwa maji moto, na mfuniko ufunguliwe vipande vyote, harufu inajificha kwenye ule mpira mdogo wa ndani. Kijiko cha kopo kipimwe mara moja kwenye mizani ya jikoni, kwa sababu unga ukishindiliwa kijiko kile kile hubeba zaidi. Wenye matumbo yanayokataa maziwa watafute wei iliyochujwa zaidi, ina laktosi kidogo sana.

Anayetaka bila kopo atengeneze huu: unga wa ulezi gramu 50, unga wa soya iliyokaangwa gramu 30, maziwa mililita 250. Gramu 22 za protini. Soya lazima ikaangwe au ichemshwe kabla ya kusagwa, mbichi ina kizuizi cha kimeng'enya kinachovunja protini, utakula na kuitoa. Koroga kwa maji baridi kwanza ndipo uweke jikoni. Na kama mtu anataka kutia wei kwenye uji, auache upoe hadi aweze kushika kikombe bila kitambaa. Ukiwa unachemka unga unaganda mabonge. Protini haijapotea, lakini utatafuna uji.